Ndege imejaa, na bado njia inafutwa

Shirika la ndege la bei nafuu linapotangaza kuacha uwanja wa mji mdogo, wenyeji huona wamesalitiwa. Hoteli zimejengwa kwa kuwategemea wageni hao, vijana wameajiriwa uwanjani, na wazazi wamezoea kwenda kumwona mtoto aliyehamia mbali kwa nauli wanayoimudu. Kinachoniuma zaidi ni kuona viongozi wa mji wakitafuta shirika jingine na kuingia mkataba wakiwa na imani zilezile zilizowaponza.

Dhana: njia hufutwa kwa kukosa abiria

Abiria wakiwa wachache njia hufa, hilo halina ubishi. Lakini ndege iliyojaa nayo haina kinga, kwa kuwa viti vinaweza kujaa kwa sababu vimeuzwa kwa bei ya kutupa. Halafu kuna hesabu ambayo abiria haioni kabisa: ndege hii ingeingiza kiasi gani kama ingepelekwa kwingine?

Boeing 737-800 ya Ryanair, shirika la bei nafuu la Ireland, ina viti 189, na ratiba huipa dakika 25 hivi kati ya kutua na kuondoka tena. Saa zake za kuruka kwa siku zina kikomo, na saa hizo ndizo shirika linazouza. Kwa hiyo njia ya mji wenu inashindanishwa na njia ya nchi nyingine ambayo hamjawahi hata kuisikia. Inaweza kuwa na faida na bado ikashindwa.

Ndege zikiadimika, mchujo unakuwa mkali zaidi. Mwezi Aprili 2024, shirika la Southwest la Marekani lilitangaza kuondoka miji ya Bellingham na Syracuse, Cozumel ya Mexico, na mmoja wa viwanja viwili lilivyokuwa likitumia Houston. Boeing ilikuwa imechelewesha ndege mpya, na shirika likakata vituo vilivyokuwa nyuma kimapato. Wakazi wa Bellingham hawakuwa na lolote la kufanya kuhusu kiwanda cha Boeing.

Dhana: mji huchaguliwa kwa ukubwa au uzuri wake

Kinachotazamwa ni watu wangapi wanaweza kuufikia uwanja kwa gari, ada za kutua ni kiasi gani, ndege inaweza kutua na kuondoka tena haraka kiasi gani, na kama kuna mshindani. Uwanja wa Hahn nchini Ujerumani uko takriban kilomita 120 kutoka Frankfurt, lakini Ryanair iliuuza kwa jina la Frankfurt miaka mingi. Allegiant ya Marekani huenda miji midogo isiyo na safari za moja kwa moja, ikiruka mara mbili tu kwa wiki kuelekea Las Vegas au Florida. Udogo wa mji unaipa nafasi ya kuwa peke yake.

Dhana: shirika ndilo linaloulipa uwanja, kwa hiyo pande zote mbili zimefungana

Hapa ndipo fedha za umma hupotelea. Uwanja mdogo hutarajia kupata mapato yake kwenye maegesho ya magari, maduka na watalii, kwa hiyo hukubali kushusha ada, na mara nyingine fedha hutoka kwa mji kwenda kwa shirika, zikiitwa malipo ya matangazo. Mwaka 2014 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliamua kwamba Ryanair irudishe misaada haramu ya umma iliyopata katika viwanja vya Pau, Nîmes na Angoulême nchini Ufaransa. Mwaka 2019 ikaamua hivyohivyo kuhusu Montpellier, ambako fedha zilipitia mikataba ya matangazo kwenye tovuti ya shirika. Angoulême ilipata safari za London Stansted mwaka 2008, na kufikia 2010 zilikuwa zimekwisha.

Si kila mpango wa aina hiyo ni haramu. Kuhusu Charleroi nchini Ubelgiji, Tume ilitoa uamuzi dhidi ya Ryanair mwaka 2004, lakini mahakama ikaubatilisha mwaka 2008. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2014 pia inaruhusu msaada wa kuanzisha njia mpya, hadi nusu ya ada za uwanja, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Muda wa punguzo unapokaribia kuisha, hapo ndipo mji unapaswa kuwa macho.

Nao uwanja mdogo hauna kitu cha kumshikilia mteja. Katika viwanja vilivyosongamana, shirika lisilotumia angalau asilimia 80 ya nafasi zake za kutua na kuruka huweza kuzipoteza, kwa hiyo huzing'ang'ania. Kwenye uwanja wenye nafasi tele, shirika linaweza kuondoka leo na kurudi baadaye bila kupoteza chochote.

Dhana: ni kodi tu

Kodi ina uzito wa kweli. Denmark ilianza kutoza kodi ya abiria wa ndege Januari 2025, na Ryanair ikatangaza kufunga kituo chake cha kulaza ndege cha Billund na kuacha kabisa Aalborg. Sweden ilifuta kodi yake Julai 2025, na shirika hilohilo likaahidi kuongeza ndege huko. Lakini kodi ya Denmark inatozwa Copenhagen pia, na Ryanair haikuondoka Copenhagen. Kodi hupunguza faida kila mahali. Wanaoangushwa ni wale waliokuwa ukingoni tayari. Na tangazo la kuondoka ni fimbo ya mazungumzo vilevile, kwa hiyo anayelisoma alisome akijua hivyo.

Dhana: serikali inaweza kulizuia shirika lisiondoke

Marekani iliacha kupangia mashirika njia za ndani kwa sheria ya mwaka 1978. Serikali inachoweza kufanya ni kuinunua huduma waziwazi: Marekani ina mpango wa kulipia safari za miji midogo uliozaliwa na sheria hiyohiyo, na Ulaya ina utaratibu wa zabuni ambamo shirika hulipwa kwa idadi ya safari na muda uliotajwa kwenye mkataba. Ni ghali, na hilo lisifichwe. Lakini mji unajua unalipia nini na hadi lini, jambo ambalo malipo ya matangazo hayajawahi kuupa.