Kopo, kifuu au kiriba? Uliza mzizi kabla ya kuuliza bei

Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, swali ninaloulizwa kuliko yote hapa kitaluni ni hili: "Sasa nioteshee kwenye nini?" Zamani halikuwepo. Ulitoka sokoni na nyanya zako kwenye rambo nyeusi, ukaitoboa matundu kwa msumari, ukajaza udongo, kazi imekwisha. Rambo zilipotoweka wapo waliodhani hata viriba, yaani vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, navyo ni haramu. Si haramu. Katazo lilihusu mifuko ya kubebea, na vifungashio vya kilimo viliachwa nje yake. Viriba vipo na vinauzwa. Ila mtu anayetaka mipapai sita ya uani haoni kwa nini atoe hela wakati jalala la jirani limejaa makopo, na mimi namwelewa.

Vyombo vya bure Mtwara na Lindi vipo tele. Shida ni kwamba watu huanza na chombo, halafu ndipo wanafikiria mmea. Mimi huuliza kinyume: unaotesha nini, mzizi wake unakwendaje, na mche utakaa humo kwa muda gani?

Kuna mimea isiyohitaji chombo kabisa. Nyanya, vitunguu, kabichi, pilipili na bilinganya ukiziatika kwenye tuta lililolainishwa vizuri, likawekwa samadi iliyooza na kivuli chepesi cha makuti, zitatoka na kuhamishwa bila tabu. Mwagilia tuta kabla ya kung'oa, hamisha jioni, basi. Nimeona watu wakihangaika na trei za mayai kwa ajili ya nyanya. Trei ya mayai ina kina kama cha kidole, na kwa jua letu hili hukauka kabla ya saa sita mchana. Labda kwa kuchipushia mbegu siku chache tu, tena uwe mtu wa kushinda nyumbani.

Mpapai ni kesi nyingine. Hapendi kuguswa mizizi, kwa hiyo chombo ni lazima, na kiwe ambacho mche utatoka na udongo wake wote. Hapa ndipo kifuu cha nazi kinapofaa, na sisi wa pwani tumekaa nacho karibu bila kukithamini. Chukua nazi iliyovunjwa katikati, tazama kile kipande chenye macho matatu. Mawili ni magumu kama kifuu chenyewe, moja ni laini. Ndilo ambalo chipukizi la mnazi hutokea. Lile laini unalitoboa hata kwa kijiti, na tayari una tundu la kutolea maji. Kipande cha pili hakina macho, kwa hiyo utahitaji msumari uliopashwa moto. Weka kigae kidogo cha chungu kilichovunjika juu ya tundu ili udongo usimwagike, kisha jaza. Wakati wa kupanda unakigonga kwa nyundo, kinapasuka, na mche unatoka mzima. Tatizo la kifuu ni kwamba ni kifupi. Mpapai usikae humo zaidi ya wiki chache. Ukishaota majani manne matano ya kweli, upeleke shambani. Na si kila mahali utakipata bure, maana wanaokuna nazi wengi wana matumizi nacho jikoni: kinawaka vizuri kuliko kuni mbichi. Ongea nao mapema.

Nikiwa bado kwenye nazi: makumbi yaliyochambuliwa huchanganywa na udongo ili kushika unyevu, jambo la maana sana kwa wenzetu wa uwanda wa Wamakonde, Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kununua au ya kungojea. Ila kama umeyapata kwa wasokota kamba, fahamu kwamba huenda yamelowekwa pwani kwenye maji ya bahari. Chumvi ile inaua miche kimyakimya. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, mwaga, rudia mara kadhaa, ndipo uyatumie.

Sasa mkorosho, maana wengi ndio wanaoutaka. Mzizi mkuu wa mkorosho hauna subira. Wakati wewe unafurahia majani mawili ya kwanza, wenyewe umeshafika mbali chini. Ukiupanda kwenye kopo fupi la nyanya ya kusaga au kwenye kifuu, unagonga chini, unapinda, na kuanza kuzunguka. Juu mche ni wa kijani na unapendeza, na mnunuzi atalipa. Ubaya wake huonekana shambani baadaye: mti umelala upande, au umekauka kiangazi wakati jirani zake wanasimama, na ukiufukua unakuta mzizi umejisokota. Na mzizi uliokwisha kujisokota haunyooki tena.

Kwa hiyo kwa mkorosho tafuta kina, kitu cha kama sentimita 25. Katika vya bure, kinachokaribia ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Watu huikata shingo na kutoboa kitako. Mimi nashauri ukate shingo na kitako vyote viwili, ubaki na bomba. Chini jaza udongo wenye unyevu, ushindilie kwa ngumi hadi ushikamane, juu yake jaza mchanganyiko wa kawaida bila kushindilia sana. Udongo wa chini hautamwagika. Ndivyo tunavyofanya hata kwa viriba vya rola, ambavyo havina kitako. Mzizi ukifika chini hauna ukuta wa kugonga, unachungulia nje. Kila baada ya wiki mbili hivi unanyanyua chupa na kukata kilichochungulia, usije ukakuta mche umeshikana na ardhi. Kwa kuwa chupa inapitisha mwanga, udongo wa pembeni huota ukijani na mizizi huchomwa na joto. Zipange zikibanana, na zile za pembezoni uzikinge kwa udongo au gunia kuukuu.

Koroshomama, yaani mbegu, itumbukize kwanza kwenye maji. Inayoelea iache. Inayozama panda, sehemu ya kikonyo ikitazama juu.

Chupa zenyewe si za bure kama zamani, kwa sababu waokotaji huzikusanya na kuziuza kwa kilo. Ukizisubiri jalalani utakuwa wa pili. Msimu wa unyago na harusi ukifika, ongea na wenye shughuli kabla ya siku yenyewe, uwaachie gunia tupu wakutunzie. Mama lishe naye hakatai ukimpelekea miche miwili ya pilipili kama shukrani.

Magazeti yanafaa kwa miche ya muda mfupi. Zungushia karatasi mbili tatu kwenye chupa, kunja kitako, vuta chupa. Unapanda na karatasi yake, inaoza ardhini. Mambo mawili tu: usiache ukingo wa karatasi juu ya udongo, maana utafyonza unyevu na kuupeleka hewani, na kama eneo lako lina mchwa, sahau kabisa, watakula chungu kabla mche haujasimama. Magome makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba yanastahimili kidogo zaidi.

Kuna chombo kimoja nakataa, ingawa kila nyumba ya mkulima wa korosho inacho: mfuko wa salfa. Ni mgumu, una ukubwa mzuri, na baada ya kupuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga inabaki mingi. Unga wa salfa uliobaki kwenye mishono hugeuka kuwa tindikali taratibu ndani ya udongo wenye unyevu, na mche mchanga hauna pa kukimbilia. Chupa za viuatilifu ni mbaya zaidi, hata ukiosha mara tatu. Hizo zitobolewe zisitumike tena kwa lolote. Vyombo vingine vyote vilivyowahi kuoteshewa osha kwa sabuni na uanike juani, la sivyo kinyausi ya msimu uliopita, ule ugonjwa wa miche michanga, itakata miche yako shingoni.

Ukifika kwenye miche mia na kuendelea, achana na kuokota. Nunua rola ya nailoni ya viriba, ukate mwenyewe kwa urefu unaoutaka. Inatoka rahisi kuliko viriba vilivyokatwa tayari, na huna siku za kupoteza ukitafuta chupa. Mbegu inabidi iingie ardhini mapema ili miche iwe tayari mvua zikishika, Desemba hadi Januari.

Siku ya kupanda, toa plastiki. Nasema hivi kwa sababu bado nakuta mikorosho imefukiwa na kiriba chake. Kiriba chane kwa wembe. Chupa ipasue kwa mkasi upande mmoja tu, kuanzia juu hadi chini. Ukiifunga tena kwa vipande vya mpira wa baiskeli, itakufaa na msimu ujao.