Melba Liston na tromboni yake: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wengi huamini tromboni, ala ya shaba ya kupuliza yenye bomba la kuvuta mbele na nyuma, ni chombo cha wanaume: kizito, kinataka pumzi nyingi na mkono mrefu. Melba Liston, mwanamuziki wa jazz wa Marekani aliyezaliwa Kansas City mwaka 1926, alipata yake akiwa na miaka 7. Mkono haukufika mwisho wa bomba la kuvuta, ikambidi ageuze kichwa pembeni ndipo azifikie noti za mbali. Kufikia miaka 16 alikuwa analipwa kwa kupuliza ukumbini Los Angeles.

Dhana nyingine, na hii ndiyo inayoniudhi zaidi, ni kwamba Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta maarufu wa jazz, alimchukua kama pambo la jukwaani. Mwaka 1956 Gillespie aliunda bendi kubwa ya kuzuru nje kwa niaba ya serikali ya Marekani, akamwita Melba apulize na aandike muziki. Wenzake waliguna: kwa nini kaletwa mwanamke? Gillespie akawagawia karatasi za muziki alioupanga Melba. Hawakufika mbali, wakajikwaa. Miguno ikaishia hapo.

Halafu wapo wanaosema albamu ya "Uhuru Afrika" ni kazi ya mpiga piano Randy Weston peke yake. Weston alitunga, kweli. Lakini nani aingie lini, tarumbeta zijibu nini, ngoma ziachiwe nafasi wapi katika bendi kubwa namna ile, hayo aliyapanga Melba. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, na sisi wenye Kiswahili tuna sehemu yetu humo: inaanza na "Uhuru Kwanza", inamalizika na "Kucheza Blues", na maneno ya mshairi Langston Hughes yanasomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, mwaka mmoja kabla nchi yake haijajitawala. Mwaka 1964 serikali ya makaburu iliipiga marufuku albamu hiyo nchini Afrika Kusini. Aliyeipanga bado hatajwi.

Eti miaka ya 1970 alipotea. Alikuwa Jamaika, akifundisha muziki.

Na alipopata kiharusi mwaka 1985, ikadhaniwa amekwisha. Kupuliza kuliisha, ndiyo, kwani mwili ulipooza upande mmoja. Kuandika hakukuisha. Alijifunza kutumia kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 jina lake likatokea tena kwenye albamu mpya za Weston, kama mpangaji wa muziki. Alifariki Los Angeles Aprili 1999.