Panya dume na panya jike: angalia nafasi iliyo chini ya mkia

Kwa panya weupe na wa rangi wanaofugwa vizimbani, alama inayotenganisha dume na jike ni nafasi iliyo kati ya tundu la haja kubwa na kile kijinyama cha kutolea mkojo. Kwa dume nafasi hiyo hufika kama mara mbili ya ile ya jike.

Wengi hukimbilia kutafuta korodani. Kwa dume aliyekomaa hazifichiki, maana ni kubwa mno kwa mwili ule. Shida ni kwamba panya anaweza kuzivuta zikaingia tumboni, na akishikwa akaogopa, au kukiwa na baridi, huzivuta kweli. Watoto ndio kabisa, zao huonekana wakishatimiza wiki tatu au nne. Usipoziona, basi, usiseme tayari umepata jike.

Nafasi hiyo huonekana kwa kulinganisha. Ukimtazama mtoto mmoja utabahatisha tu. Waweke kiganjani wawili watatu wa uzao mmoja, uinue mikia kidogo, na tofauti itajitokeza. Wapo majike wanaochanganya: aliyekaa tumboni katikati ya ndugu wawili wa kiume hupata homoni zao, na nafasi yake hurefuka kidogo kuliko ya dada zake.

Mimi naamini zaidi chuchu. Watoto wakifika siku ya 9 au ya 10, manyoya yakiwa bado mafupi, majike huonyesha chuchu 10, jozi tano kuanzia kifuani hadi kwenye kinena. Panya dume hana chuchu hata moja. Ila usichelewe, kwa kuwa baada ya siku chache manyoya hufunika kila kitu. Katika panya wa rangi, watoto wa kiume huwa pia na doa jeusi pale korodani zitakapokaa. Weupe wenye macho mekundu hawana.

Panya mkubwa mshike shina la mkia, kamwe si ncha, kwa sababu ngozi ya huko huchunika. Miguu ya mbele iache ishike mkono wa shati lako, kisha inua nyuma kidogo utazame. Harufu nayo husema: mkojo wa dume hunuka kwa ukali ambao majike hawana.

Uamuzi usipite wiki ya nne. Jike wa wiki sita, pengine hata chini ya hapo, hushika mimba. Hubeba siku 19 hadi 21, huzaa sita, wanane au hata 12, na ndani ya saa 24 baada ya kuzaa anaweza kupandwa tena. Majike waache wakae pamoja. Madume wakishakua hung'atana vibaya, hivyo kila mmoja mpe kizimba chake.