Je wajua kwanini kuna nchi wakulima wanachoma makaa ya mawe, ila huku Tanga huyaoni shambani?

Ukitoka Segera kuja Muheza utaona mkonge umeanikwa kwenye nyaya safu kwa safu, umetoka korona (mashine ya kuchambua nyuzi kwenye majani) muda si mrefu, una ukijanikijani bado na maji yanachuruzika, basi likishaupiga jua kali unakuwa mweupe unaenda kwenye mashine ya brashi. Nishati ya kukaushia hapo ni bure kabisa, labda mvua ishuke ndo kasheshe.

Sasa njoo kwa mkulima wa nyanya wa Poland. Januari kwao ni barafu tupu, na mnyanya usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi unagoma kufunga matunda, kwahiyo jamaa anapandia ndani ya nyumba ya vioo na pembeni anaweka boila la kuchemsha maji yazunguke kwenye mabomba usiku kucha. Boila linakula nini? Kilicho karibu na cha bei chee, na Poland hicho ni makaa ya mawe ya kuchimbwa Silesia (sio huu mkaa wetu wa gunia). Ndo maana kwenye Umoja wa Ulaya Poland inaongoza kwa makaa yanayoandikwa upande wa kilimo. Waholanzi nao wana nyumba za vioo kibao ila wao walipata gesi Groningen mwaka 1959 wakaivamia, kwahiyo kwenye makaa huwaoni, sio kwamba ni watakatifu sana.

Wengi wanadhani makaa hayo ni ya matrekta, hapana, trekta ni dizeli. Enzi za mvuke sawa, Muingereza John Fowler mwaka 1858 alipewa zawadi ya pauni 500 kwa jembe lake la mvuke, ila hayo yalishapita. Siku hizi makaa shambani ni kupasha joto na kukausha basi. Zimbabwe wakulima wakubwa wa tumbaku wanakaushia majani kwa makaa ya Hwange, Tabora wenzetu wanakata kuni, na kwa miti yetu mimi hilo silioni kama la kujisifia.

Watu wa misitu, ambao takwimu za nishati huwaweka kundi moja na wakulima, ndo hawana haja na makaa kabisa, mtu amezungukwa na magome na vumbi la mbao anunue makaa ya nini?

Ila hizi takwimu za makaa ya upande wa kilimo zisome kwa akili. Zinahesabu kilichochomwa na mkulima mwenyewe tu. Boila la kiwanda cha chai Usambara, hata kiwanda kikiwa katikati ya shamba, linaandikwa viwandani. Na mbolea ya urea je? China sehemu kubwa ya urea yao inatengenezwa kwa makaa ya mawe, yanatumika kama malighafi na kama moto, ila yote yanaingia hesabu ya viwanda vya kemikali, kwahiyo mkulima wa Lushoto akimwagia kabichi zake mfuko uliotoka huko, kwenye jedwali la kilimo anasomeka sifuri.