Je, wajua kwa nini riverbu ya springi ikinyamaza, kosa mara nyingi sio la springi?

Ampu ya gitaa yenye riverbu ya springi (kifaa cha kuongeza mwangwi kwenye sauti) ikianza kutoa sauti kavu, yaani unazungusha nobu ya riverbu mpaka mwisho na mwangwi hauji, wengi tunakimbilia kwenye springi. Mi nilifanya hivyo. Nilitoa lile boksi la bati linaloitwa tenki, nikachukua mita, waya mmoja nikagusisha mwanzo wa springi na wa pili mwisho wake, mita ikalia, nikasema basi, springi nzima, umeme unapita, tenki liko sawa na ubovu uko kwenye ampu. Nilikaa na hilo jibu wiki nzima. Kumbe tenki ndo lilikuwa bovu, na kipimo changu kilikuwa hakipimi chochote cha maana, kwa sababu sauti ya gitaa haipiti kwenye springi ikiwa umeme.

Hapa ndo wengi tunapotea, kwa hiyo twende taratibu. Ukiangalia tenki unaona plagi upande mmoja, plagi upande wa pili, na katikati springi mbili au tatu zimetandazwa. Jicho linakwambia hizo springi ni waya wa kuunganisha plagi na plagi. Sivyo. Kumbuka simu ya makopo ya watoto, makopo mawili na uzi katikati. Uzi hauna umeme, unabeba mtetemo tu, na uzi ukiwa mzima lakini kopo limetoboka bado husikii kitu. Tenki la riverbu ni simu ya makopo ya chuma: springi ni uzi, na kule mwisho, badala ya makopo, kuna koili mbili za waya mwembamba sana, moja ya kuingizia na moja ya kutolea. Kupima springi kwa mita ni sawa na kupima uzi wa simu ya makopo kama unapitisha umeme. Chuma chochote kitaliza mita, na hujajua lolote.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ampu inatuma sauti ya gitaa kwenye koili ya kwanza, koili inageuka sumaku inayobadilika kwa kasi ya ile sauti. Kwenye ncha ya kila springi kuna kipande kidogo sana cha sumaku, kidogo kama punje, kimekaa kwenye mwanya wa chuma cha koili, na sumaku ya koili ikibadilika ile punje inazunguka kidogo kushoto, kidogo kulia. Inazunguka, haivutwi. Mi nilidhani springi inavutwa na kuachiwa kama springi ya godoro, lakini kazi yake kubwa ni kusokotwa. Chukua mpira mrefu wa kumwagilia maji, ulaze chini, usokote ncha moja kwa mkono: ncha ya pili haizunguki papo hapo, msokoto unasafiri, unafika baadaye kidogo. Alafu ukifika mwisho hauishii pale, sehemu yake inarudi ulikotoka, inagonga mwanzo, inaenda tena, kila safari inapungua nguvu. Kule mwisho punje nyingine ya sumaku inatikiswa mbele ya koili ya pili, inazalisha umeme mdogo, ampu inaukuza. Upande wa kwanza unafanya kazi kama spika, upande wa pili kama maikrofoni, katikati hakuna umeme wa sauti kabisa.

Na huo usafiri ni wa polepole kuliko unavyodhani. Kwenye tenki refu la kawaida, la kama sentimita 43, sauti inachukua takriban milisekunde 33 kwenye springi moja na 41 kwenye nyingine kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hewani, kwa milisekunde 41 sauti inakwenda karibu mita 14. Yaani boksi unalobeba kwapani linachelewesha sauti kama ukumbi. Springi zinapewa muda tofauti makusudi ili mirudio isigongane pamoja, la sivyo ungesikia pigo moja linalojirudia badala ya mwangwi. Na ndani ya springi moja sauti nene na nyembamba hazifiki pamoja, ndo maana riverbu hii ina ule mlio wa kudondoka kama tone la maji ambao ukumbi wa kweli hauna. Mi naupenda huo mlio kuliko mwangwi wa ukumbi wenyewe.

Kihistoria nitapita haraka: wazo lilisambazwa na Laurens Hammond kwa ajili ya ogani zake za umeme, baadaye Fender wakatoa riverbu ya kusimama peke yake mwaka 1961, na mwaka 1963 wakaiweka ndani ya ampu.

Sasa ukishaelewa kwamba ni spika na maikrofoni, kutafuta ubovu kunakuwa rahisi sana. Washa ampu, nobu ya riverbu ifungue nusu, volyumu iwe ya wastani, alafu gonga boksi la ampu kwa kiganja au litikise kidogo. Ukisikia radi, ule mshindo mkubwa wa springi, maana yake springi, koili ya kutolea, kebo ya kurudi na sehemu ya ampu inayokuza mwangwi vyote vinafanya kazi, kwa hiyo ubovu uko upande wa kuingizia. Usiposikia radi, ubovu uko upande wa kutolea. Kwa kugonga mara moja umeshagawa tatizo nusu kwa nusu. Ila kipimo hiki hakikwambii kama kilichokufa ni koili, kebo au ampu, kinakwambia upande tu. Kabla hata ya hapo chomoa swichi ya mguu, kwa sababu kwenye ampu nyingi hiyo swichi inazima riverbu kwa kuipeleka sauti kwenye waya wa ardhi, na kebo yake ikigusana kwa ndani riverbu inazimwa muda wote bila wewe kukanyaga kitu.

Kebo ndo zinafuata, zile mbili zenye plagi za RCA. Radi imesikika? Basi kebo ya kurudi ni nzima, zima ampu, badilisha hizo kebo mbili nafasi zake, washa, gonga tena. Radi ikipotea, umempata mwizi.

Kebo zikiwa sawa, zima ampu, chomoa plagi zote mbili za tenki, chukua mita na upime kwenye plagi za tenki, sio kwenye springi. Kwenye tenki la aina inayotumika sana kwenye ampu za tyubu (zile zenye taa za kioo zinazokuza sauti), koili ya kuingizia inasoma chini kidogo ya ohimu 1, na ya kutolea inasoma karibu ohimu 200. Usishtuke tenki likiwa limeandikwa ohimu 8 na mita inasema 0.8, ile 8 ni kipimo cha umeme wa sauti, mita inatumia umeme wa betri. Matenki mengine yana namba nyingine, kwa hiyo soma herufi zilizopigwa kwenye bati: kwenye 4AB3C1B ile A ndo koili ya kuingizia ya ohimu 8, na B inayofuata ni koili ya kutolea ya ohimu 2250. Hizo herufi ziheshimu ukinunua tenki jipya, maana ukifunga tenki la kuingizia ohimu 600 kwenye ampu iliyotengenezwa kwa 8, utapata mwangwi hafifu na utaanza upya kulaumu springi.

Mita isiposoma chochote, waya umekatika mahali. Mara nyingi ni ule mfupi mwembamba kutoka kwenye plagi mpaka kwenye koili, unakatika pale ulipochomewa risasi, kwa sababu fremu ya ndani imening'inia kwenye springi zake ndogo na inacheza kila ampu inapobebwa. Huo unachomewa tena. Waya ukiwa umekatikia ndani ya koili yenyewe, tafuta tenki lingine.

Koili zote zikisoma vizuri na radi ipo, basi ni upande wa ampu unaosukuma tenki. Kama ni ya tyubu, ile tyubu ya aina ya 12AT7 inayoendesha riverbu ndo mshukiwa wa kwanza, na kwenye ampu nyingi za mtindo wa zamani kuna 12AT7 ya pili mwisho wa mstari unayoweza kubadilishana nayo ili kujaribu, ampu ikiwa imezimwa na tyubu zimepoa. Zaidi ya hapo usifungue chesisi (boksi la chuma lenye saketi za ampu), humo kuna mamia ya volti yanayobaki hata plagi ikiwa imechomolewa ukutani. Mpe fundi.

Na springi zenyewe? Zinasokotwa kidogo sana, hazivutwi mpaka kuchoka, kwa hiyo zinaweza kukaa miaka mingi mno. Zinachoharibiwa nacho ni vidole vya watu, au ampu kuanguka mpaka ndoano ikachomoka au punje ya sumaku ikanata kwenye chuma cha koili, na hayo yote unayaona kwa macho.

Yangu radi ilikuwepo, kebo nzima, koili ya kuingizia haikusoma kitu. Waya ulikuwa umekatika milimita mbili kutoka kwenye plagi. Nikauchomea, mwangwi ukarudi, ila ukaja na mvumo ambao haukuwepo mwanzo, nikadhani nimeharibu kitu. Nilikuwa nimelirudisha tenki kinyume, koili ya kutolea, ile maikrofoni, imelala jirani na transfoma kubwa ya umeme na inadaka mvumo wake. Nikaligeuza, mvumo ukaisha.