Kwa nini Nairobi ina msitu upande mmoja na mbuga upande wa pili?

Mtu akitoka Msitu wa Karura siku ya mvua utamjua kwa viatu: vimekuwa vyekundu, na suruali imepata madoa ambayo sabuni ya kipande itahangaika nayo wiki nzima. Anayetoka Embakasi, mashariki mwa jiji, naye utamjua, ikiwa viatu bado anavyo. Tope la kule ni jeusi, linanata kama ulimbo, na kila hatua linapandana juu ya lingine mpaka mtu anaongezeka kimo. Mwishowe kiatu kinabaki nyuma, mguu unaendelea na safari.

Toka huku hadi kule ni matatu mbili tu. Lakini Karura ni msitu wenye mihugu na miti mingine mirefu, na ukielekea kusini na mashariki miti inapungua, inafupika, hadi unakutana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi: nyasi, vichaka vya miiba, simba na vifaru, majengo ya mjini yakionekana kwa nyuma. Bayomu mbili, yaani aina mbili kabisa za mazingira ya viumbe, ndani ya kaunti moja. Imekuwaje?

Wengi hujibu kwamba ni mvua na mwinuko, na hawajakosea. Dagoretti iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,620 hivi. Kule juu kuna baridi zaidi na mvua zaidi. Ila hewa hubadilika polepole, na miti ya Nairobi haikupungua polepole hivyo. Kuna mahali unavuka kama anayetoka chumba kimoja kuingia kingine. Kinachobadilika pale ni kile ulichokanyaga.

Ajabu ni kwamba udongo mwekundu na mweusi wana mzazi mmoja. Mamilioni ya miaka iliyopita volkeno za upande wa Bonde la Ufa zilimwaga zaha, ule uji wa moto, ikatiririka kuelekea mashariki ikapoa na kuwa mwamba. Mwamba huo ukaoza taratibu ukawa udongo. Kwenye mteremko, maji ya mvua yalipita ndani yake na kwenda zake, yakibeba madini mepesi kuyeyuka na kuacha chuma. Chuma kilipata kutu, ndiyo rangi nyekundu ya Kiambu na Muthaiga. Maji yaliyobeba mzigo yaliteremka hadi uwanda wa Athi, yakakosa pa kwenda, yakatuama. Madini yakajikusanya na kufanya mfinyanzi wa aina inayovimba ikinywa maji na kunywea ikikauka.

Kuna mwanasayansi wa udongo, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani kule Tanganyika. Mwaka 1935 aliupa mpangilio huu jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo: udongo wa kilimani na wa bondeni ni pete za mnyororo mmoja, kila moja ikipokea kilichotoka juu yake. Wazo hilo sasa linafundishwa dunia nzima. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshanusa jambo: kwa watu wengi wa bara, hasa Tanzania, neno mbuga halitaji wanyama peke yake, ni ile tambarare ya udongo mweusi inayotuamisha maji.

Sasa jiweke mahali pa mche wa mti. Januari udongo mweusi unapasuka, nyufa za kuingiza mkono, na mizizi iliyokatiza hapo inavutwa hadi kukatika. Aprili unavimba, hewa inatoka, mizizi inakosa pumzi. Nyasi hazijali sana, mizizi yake ni myembamba na huchipua upya. Moto na midomo ya wanyama humalizia miche iliyobahatika. (Na weusi wake usikudanganye ukadhani ni rutuba tele, kahawa iliyotajirisha watu ililimwa kwenye ule mwekundu.)

Mti mmoja umeuzoea udongo huo: mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi kwenye miiba. Ndani ya vinundu hukaa sisimizi, wamevitoboa matundu ya kuingilia, na upepo ukipita hapo mti unapiga mluzi. Twiga akileta ulimi, walinzi wanatoka wote. Nimewahi kuugusa mmoja kwa udadisi na sitarudia.

Halafu likaja reli. Mwaka 1899 lilipofika, tambarare iliwafaa wajenzi kabla ya kuanza kupanda milima, wakatua penye kinamasi, karibu na mto ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, maji baridi. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi, likachomwa moto. Wakubwa wa kikoloni walijichukulia miinuko yenye udongo mwekundu na kivuli, Waafrika wakapangiwa mashariki. Ramani ya utajiri wa Nairobi bado inafanana mno na ramani ya udongo, na hiyo haikuwa bahati mbaya.

Mbuga ya Taifa, kilomita za mraba 117, ilitengwa mwaka 1946. Upande wa kusini haukuwekwa ua kwa sababu nyumbu walitoka nje msimu wa mvua kwenda Kitengela, wakarudi kiangazi kufuata maji. Kitengela sasa ni ploti na kuta, na nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu miaka ya 1970 wamebaki elfu chache. Karura nayo ilinusurika chupuchupu: Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi kutoka damu akipinga msitu kugawiwa wajenzi.

Na udongo mweusi haujaacha tabia yake kwa kufunikwa lami. Zamani mvua za kwanza zilizama kwenye nyufa. Sasa zinapita juu ya saruji hadi sebuleni, kama watu wa South C na Mukuru walivyoona Aprili 2024. Fundi mzuri hajengi juu yake. Anauchimba wote mpaka afike kwa mwamba, kisha anajaza changarawe. “Mama, huu ukiuacha nyumba itacheza,” fundi mmoja aliniambia, nikadhani anatafuta kuongeza siku za kazi.

Kwenye nyumba ninayopanga sasa, mtaa wa Utawala, aliyejenga hakuchimba. Juu ya mlango wa jikoni kuna ufa. Februari kadi ya benki inaingia yote. Mei hata ukucha haupenyi, na mlango wenyewe lazima uupige bega ndipo ufunguke.