Zabibu za Dodoma hazina habari na likizo yenu

Wawili wanashuka Dodoma mwezi wa Novemba, wamependeza, simu zimejaa chaji, wanaomba wapelekwe shambani wakapige picha chini ya vichala vyeusi. Shambani wanakuta nguzo, nyaya na machipukizi marefu kama kidole. Wanaondoka wamenuna, na wakifika kwao wanasema Dodoma hakuna kitu. Lawama hiyo sisi tunaowapangia watu safari hapa tumeisikia mpaka basi. Dodoma ina mengi ya kuona na ya kula, ila kila kitu kina msimu wake na siku yake, na anayekuja bila kuuliza atakutana na vumbi peke yake. Hizi hapa kauli tunazozisikia kila mara, na majibu yetu.

"Dodoma zabibu zipo mwaka mzima"

Hazipo. Kinachowachanganya watu ni kwamba mzabibu wa hapa hauishi kama wa Ufaransa au Afrika Kusini. Huko baridi huulaza, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Akishapogoa, macho ya matawi yanachipua, yanafuata maua madogo ya kijani ambayo wageni hupita bila kujua kuwa ni maua, kisha punje ngumu kama njegere, kisha rangi, mwisho sukari. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni miezi mitatu na nusu hadi minne. Kwa sababu hiyo shamba moja linaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka: mavuno mengi huangukia Februari na Machi, mengine Agosti na Septemba. Katikati ya misimu hiyo mtaona majani, au matawi matupu.

Kwa hiyo msimuulize mwenye shamba "zabibu zipo?" Atawajibu zipo, maana kwake hata punje za kijani ni zabibu. Muulizeni: "Ulipogoa lini?" Akisema mwanzoni mwa Novemba, hesabuni miezi minne, mnaingia Machi. Majirani wawili wa Mpunguzi au Hombolo wanaweza kupishana wiki kadhaa kwa sababu hawakupogoa pamoja, hivyo mkikosa kwa mmoja jaribuni kwa mwingine kabla ya kukata tamaa. Pigeni simu siku moja kabla. Ninyi mmekuja kutembea, lakini mwenzenu yuko kazini, na siku ya kuvuna hana muda wa kuwazungusha.

Lingine ni rangi. Mtu akiona punje imekuwa nyekundu anaichuma, anakunja uso, anasema zabibu za Dodoma ni chachu. Rangi hutangulia, sukari huja nyuma yake kwa wiki kadhaa. Pasueni punje moja mtazame mbegu: ikiwa ya kijani bado, ikiwa ya kahawia iko tayari. Na mkionja, onjeni punje ya ncha ya chini ya kichala, maana hiyo huiva mwisho. Ikiwa tamu, kichala kizima ni kitamu. Msinunue mbichi mkitegemea ziivie nyumbani. Zabibu si ndizi wala embe, ikishakatwa haiongezi utamu hata chembe.

Halafu kuna ule unga mweupe juu ya punje, ambao wengi huusugua kwa leso wakidhani ni sumu. Mara nyingi ni nta ya zabibu yenyewe, nayo hulinda punje isikauke. Ikiwepo, ni dalili kwamba kichala hakijashikwashikwa. Dawa ni suala jingine, na ni la kweli: mizabibu hupigwa salfa na dawa nyingine dhidi ya ugonjwa wa ubwiri, na kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ndiyo maana kuchuma na kutia mdomoni papo hapo, hata kwa ajili ya picha, tunakukataza. Uliza dawa ilipigwa lini, osha kwa maji safi, ndipo ule.

Za kubeba nyumbani msizioshe kabla ya safari. Maji yakituama katikati ya vichala, kesho yake mtakuta ukungu. Angalieni kikonyo: cha kijani na kinachopinda, kichala ni cha jana au leo; cha kahawia kinachokatika kama kijiti, kimeshakaa. Tikiseni kidogo, punje zikidondoka rudisheni. Zipangeni kwenye boksi la wazi tabaka moja au mawili, zisikandamizane. Ndoo iliyojazwa hadi juu inafika Morogoro ikiwa na juisi chini.

Muda mzuri wa kwenda ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, punje zikiwa bado baridi na upepo haujaanza kurusha mchanga.

"Kondoa ni hapo tu, tutarudi kula mchana"

Kolo, kijiji cha wilaya ya Kondoa inapoanzia ziara ya michoro ya kale ya miambani, iko takribani kilomita 180 kaskazini mwa Dodoma. Barabara kuu ya kwenda Babati ni ya lami, lakini hata hivyo ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kwenda peke yake. Pale mnachukua mwongozaji, mnaingia barabara ya vumbi, kisha mnapanda kwa miguu kwenye mawe. Ondokeni saa kumi na mbili alfajiri na muihesabu siku nzima, au bora mlale Kondoa mjini. Viatu viwe vya kufunga, na kila mmoja awe na lita mbili za maji ya kunywa.

Nasema ya kunywa kwa sababu kuna watu bado wanaamini mchoro ukimwagiwa maji unang'aa. Unang'aa dakika tano. Maji yanayeyusha chumvi iliyomo ndani ya jiwe, yakikauka chumvi inabaki juu kama utando mweupe, na mchoro unafunikwa kidogo kila mara hadi upotee. Eneo hili liliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Limevumilia jua na mvua kwa vizazi na vizazi, chupa ya maji ya mgeni haliwezi. Mkono wenye jasho nao ni hivyohivyo.

Dawa ya kuuona mchoro uliofifia ni subira. Ingieni kivulini, kaeni dakika kumi, macho yazoee. Kwanza mtaona madoa ya rangi ya udongo mwekundu, kisha mstari mwembamba unageuka kuwa shingo ya twiga, kisha watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyotuna kwa nywele. Hiyo myekundu na yenye mistari myembamba ndiyo ya zamani zaidi, kazi ya wawindaji. Ile minene myeupe, mara nyingi juu ya myekundu, ni ya baadaye, na inahusishwa na wakulima. Zimeni mwanga wa kamera, unafuta kina cha rangi. Pigeni kwenye kivuli, mtaongeza ukolezi baadaye kwenye simu. Na Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro, ni mahali ambapo wenyeji wamekuwa wakifanya matambiko, hivyo mkikuta mabaki ya tambiko msiyaguse wala kuyapiga picha bila kumuuliza mwongozaji.

"Sanaa ya Dodoma ni ya mawe tu"

Hapana. Wagogo wana muziki wa sauti nyingi unaopandana, wana ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi, na wana muheme, ngoma inayopigwa na wanawake. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huu nje ya nchi akitokea huku. Kikundi cha kijijini hakikai kinasubiri watalii. Zungumzeni na kikundi mapema, mkubaliane malipo kabla, na mwende wenyewe badala ya kuwaita hotelini.

"Mlenda ni utelezi tu"

Huo umepikwa vibaya. Mlenda, mboga ya majani, ukiwa mkavu na umesagwa unataka maji yanayochemka yenye nyanya, magadi ya kubana kwa vidole viwili, unga wake unyunyizwe huku mtu anapekecha, na karanga zilizosagwa mwishoni. Magadi yakizidi unasikia sabuni, na hapo ndipo wengi walipouchukia. Uleni na ugali wa uwele ukiwa wa moto, ukipoa unakuwa mgumu. Unga wa uwele wa kubeba nunueni uliosagwa wiki hiyohiyo. Una mafuta, haukai, ukichelewa unakuwa mchungu.

"Nyama choma ni ileile popote"

Jumamosi nendeni mnada wa Msalato. Mbuzi unamchagua akiwa bado ananing'inia, unaonyesha kipande, unasimama hapo hadi kipimwe. Fikeni kabla ya saa sita, jioni vinabaki vipande vya kukausha.

"Mvinyo wa Dodoma wote ni mtamu"

Upo mkavu, yaani usio na utamu, mweupe na mwekundu. Someni lebo. Chupa msiiache kwenye gari lililoegeshwa juani hata saa moja, joto linaharibu ladha na kusukuma kizibo.

"Vyumba havikosekani"

Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, na katikati ya wiki vyumba vizuri vinakwisha au bei inapanda. Tumieni Ijumaa hadi Jumapili. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, imefanya wikendi hiyo itoshe.

"Dodoma ni jangwa, hakuna bustani"

Mvua hunyesha Desemba hadi Aprili, na Machi mji wote ni wa kijani. Septemba ni kijivu, mibuyu haina majani, na hilo msimlaumu mtu. Nyerere Square na bustani ya Chinangali nendeni baada ya saa kumi jioni. Saa saba mchana hakuna kivuli cha kutosha wawili. Juni na Julai chukueni sweta, usiku wa hapa ni baridi kuliko mlivyoambiwa.